Stenti, ndoo ya maji na pumzi: maswali yenu kuhusu mazoezi ya uzito

Tangu nilipoandika kuhusu kutembea baada ya kuzibuliwa mishipa ya moyo, barua zinazonifikia haziulizi tena kutembea. Zinauliza ndoo, magunia, wajukuu wanaotaka kubebwa, na vyuma vya jimu. Mna haki, maana maisha yetu yamejaa vitu vya kubeba.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari wa moyo. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, hali imetulia, na daktari wake anajua kwamba anataka kuanza mazoezi. Kama kifua bado kinakubana ukiwa umekaa, au presha yako kabla ya kufanya lolote inasoma zaidi ya 180/110, au miguu imevimba na usiku unalalia mito mitatu ndipo upumue, acha kusoma uende kliniki kwanza. Maswali yenu ni haya, kila moja na jibu langu chini yake.

Mimi ni seremala, miaka 61, niko Tanga. Wiki mbili zilizopita niliwekewa stenti mbili, walipitia mkono wa kulia. Mke wangu hataki ninyanyue hata birika, anasema stenti itachomoka. Nitarudi kazini lini?

Shikamoo mzee wangu. Tumtoe mama wasiwasi kwanza. Stenti ni kibomba kidogo cha wavu wa chuma, upana wake milimita 2 hadi 4 hivi. Hupelekwa ndani ya mshipa ikiwa imekunjwa juu ya kiputo. Kiputo kikijazwa, wavu unatanuka na kugandamizwa kwenye ukuta wa mshipa kwa nguvu inayoshinda mara kadhaa upepo wa tairi la gari. Baada ya hapo, wiki hadi wiki, utando wa ndani wa mshipa unaota juu yake hadi kuifunika. Birika haliichomoi, wala randa. Kinachoweza kuiharibu ni damu kuganda ndani yake, na kinachozuia hilo ni vidonge: aspirini pamoja na mwenzake, klopidogreli au tikagrelori. Nimeshaona watu wanaogopa kusogeza kiti, lakini dawa wameacha wiki ya tatu kwa kuwa "nimeshapona".

Simlaumu mama, maana hata madaktari walikuwa hivyo. Mpaka katikati ya karne iliyopita, aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani kama wiki sita, akilishwa na kugeuzwa. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walichapisha matokeo ya kuwakalisha wagonjwa wao kwenye kiti tangu siku za mwanzo badala ya kuwalaza. Baadhi ya wenzao waliwapinga vikali, lakini wagonjwa waliendelea vizuri. Mwaka 1955 rais wa Marekani, Eisenhower, alipata mshtuko wa moyo. Daktari wake, Paul Dudley White, akamhimiza atembee na arudi kazini. Mwaka uliofuata aligombea tena akashinda.

Sasa kalenda yako. Mkono uliopitishiwa waya, siku mbili tatu za mwanzo hata kilo 2 ni nyingi, na kwa wiki nzima hufai kuusokota wala kuuegemea. Hayo umeshayapita. Waliopitishiwa kinenani ni wiki moja bila kunyanyua zaidi ya kilo 4 au 5. Mazoezi ya uzito yenyewe, mwongozo unaotumika sana unataka zipite angalau wiki 3 tangu kuzibuliwa, na katika hizo, 2 uwe umekuwa ukitembea mara kwa mara bila shida. Kama kilichokupeleka hospitali ni mshtuko wa moyo wenyewe, ni wiki 5, nne kati yake za kutembea. Hujaniambia uko kundi gani. Angalia karatasi ya kuruhusiwa, kwa kawaida huwa imeandikwa.

Kiwandani anza na msasa, acha randa. Randa ni kusukuma kwa mabega na kifua, na msumeno ni vivyo hivyo. Nimewatazama mafundi wengi: ubao ukikaribia kukatika, fundi anabana pumzi na kukunja uso. Hapo ndipo pa kujirekebisha, na sababu nimeieleza kwenye swali la ndoo, hapo chini. Mbao za mninga za futi 12 mwachie kijana azibebe.

Daktari aliniambia nitembee tu, hakutaja uzito wowote. Kutembea hakutoshi? Msomaji, Nakuru.

Kutembea ndio msingi, usiuache. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 85 yenye watu zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi ya mpangilio kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hupunguza vifo vya moyo na kulazwa tena hospitalini.

Ila kutembea hakukufundishi kunyanyuka. Fikiria choo cha kuchuchumaa. Kuinuka pale, kwa mtu aliyelala wodini na kisha akakaa sebuleni mwezi mzima huku mapaja yakisinyaa, ni zoezi zito kuliko yote atakayofanya siku hiyo, na wengi hulifanya wakiwa wamebana pumzi. Hivyo hivyo kuinuka kutoka kwenye sijida, kupanda matatu lililo juu, kumtoa mtoto kitandani. Misuli ndiyo pia ghala kuu la sukari mwilini, na wengi wenye stenti wana kisukari au wanakinyemelea.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wenzangu hushangaa kulisikia. Unaponyanyua uzito wa wastani kwa utulivu, mapigo hayakimbii kama unapopanda kilima, na presha ya chini inapanda kidogo. Moyo hujilisha wenyewe katika kile kituo kifupi kati ya pigo na pigo, na presha hiyo ya chini ndiyo inayosukuma damu kwenye mishipa yake. Ndiyo maana mtu ambaye kilima humbana kifua mara nyingi hasikii chochote akinyanyua chupa mbili za maji. Uzito wa kiasi si adui mkali kama tulivyoaminishwa.

Nina miaka 57, niko Morogoro, nina stenti moja, sasa miezi miwili. Maji tunachota bombani, kama hatua mia mbili kutoka nyumbani. Wanangu wakiwepo wanabeba wao, lakini mchana niko peke yangu. Ndoo ya lita ngapi ni salama?

Mama yangu, ningeweza kukuandikia namba nikamaliza, lakini ningekudanganya. Kilo hazihesabiwi peke yake, zinahesabiwa dhidi ya nguvu zako. Tuseme uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja ni kilo 25. Dumu la lita 20 hapo ni kilo 20, yaani sehemu nne kati ya tano za uwezo wako wote, na moyo unafanya kazi ya mwisho wa nguvu. Ukifanya mazoezi, uwezo ukafika kilo 40, dumu lilelile ni nusu tu. Halijapungua hata tone, lakini presha inayopanda unapolinyanyua ni ndogo zaidi. Sababu kubwa ya mimi kuwapa wagonjwa wa moyo uzito ni hiyo, wala sikusudii mtu atune mikono.

Jambo la pili ni pumzi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapitishia mrija ndani ya mshipa wa mkono vijana watano wanyanyua vyuma, kisha wakawaambia wasukume uzito kwa miguu miwili mpaka mwisho wa uwezo wao. Presha tunayoiita nzuri ni 120/80. Wale vijana, kwa wastani, ilifika 320/250, na mmoja wao ilipita 480/350. Rudia kuzisoma hizo namba. Walikuwa wazima, na vipimo vilirudi chini punde walipoacha. Kilichoipandisha hivyo ni mambo mawili yaliyokutana, yaani uzito ulio karibu na ukomo wa nguvu, na pumzi iliyobanwa kooni huku tumbo limekazwa. Ni mkao uleule wa mtu anayejikamua chooni. Ukiondoa hayo mawili, presha hupanda kidogo tu.

Nikueleze tunavyofanya kliniki. Mwaka huu alikuja mama wa umri wako, na swali lake lilikuwa hilihili. Nilichukua ndoo tupu, nikaiweka juu ya stuli, nikawa namimina maji kwa jagi la lita moja. Kila jagi ananyanyua, anashusha, huku ananisimulia habari za mjukuu wake. Lita 4, mjukuu ameanza shule. Lita 6, mjukuu hapendi uji. Lita 7 akasema "basi huyo mtoto..." akanyamaza, midomo ikafunga, mshipa wa shingo ukasimama. Ndoo ikapanda, lakini hadithi ilikatika. Nikamwaga jagi mbili na tukaanzia lita 5. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi alikuwa anabeba lita 10 na mjukuu amefika darasa la pili kwa maneno yake.

Fanya hivyo nyumbani, mtu akiwepo. Uzito ambao hadithi yako haikatiki, huo ndio wako kwa sasa. Afadhali ndoo mbili za lita 5, moja kila mkono, kuliko moja ya lita 10 inayokuvuta upande. Usiitoe chini kabisa kama pana jiwe au stuli ya kuiweka. Kunja magoti, toa pumzi unaponyanyua, na mkono ushike bila kukamua mpini, maana kukamua peke yake kunapandisha presha. Hatua hamsini, weka chini, pumua, endelea. Dumu la lita 20, ambalo ndugu zetu wa Kenya wataliita mtungi, liache mpaka wanao warudi. Kama kuna mwenye toroli mtaani, mlipe. Maji ya kunywa mchana hayahitaji ushujaa.

Huku kwetu Mwanza hakuna jimu karibu, na vyuma ni ghali. Nifanye mazoezi gani nyumbani?

Kiti, ukuta, chupa na mpira vinatosha.

Tembea uani dakika 5 hadi 10 mwili upate joto. Kisha egemeza kiti cha mbao ukutani, kisiteleze. Kaa, simama, kaa, miguu imeachana upana wa mabega. Panda kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu nne. Watu hujitupa kwenye kiti wakidhani kazi imeisha, kumbe kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu kidogo. Baada ya hapo geukia ukuta, simama hatua moja nyuma, piga pushapu za kusimama. Kisha chupa za maji: nusu lita kila mkono, kunja kiwiko, kunjua, na wiki zinavyokwenda uhamie chupa za lita moja na nusu. Kupeleka juu ya kichwa subiri kwanza. Shika ukingo wa meza, panda kwa vidole vya miguu, ushuke. Mwisho, chukua ule mpira wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, toa zile ndoano za chuma, uzungushe kwenye nguzo imara, vuta kuelekea tumboni kama unayevuta ngalawa ufukweni. Ukague kila mara, ukianza kupasuka tupa, kwa sababu mpira ukikatika unapiga usoni.

Kila zoezi mara 10 hadi 15, mguu na mkono zikipokezana. Raundi moja inatosha kwa wiki za mwanzo, halafu mbili. Siku 2 au 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kutembea ni kila siku.

Utajuaje kama ni zito mno? Mswidi aitwaye Gunnar Borg alitunga kipimo cha hisia kinachoanzia 6 hadi 20. Sita ni kama umekaa barazani unapunga upepo, ishirini ni mwisho wa nguvu zako duniani. Wewe kaa kati ya 11 na 13, yaani inakuchosha kidogo lakini ungeweza kuendelea. Ukifika mara 15 ukiwa bado 11, ndipo uongeze chupa.

Baba yangu anavaa saa inayohesabu mapigo. Akifanya mazoezi hayavuki 95, ingawa jasho linamtoka. Moyo wake umechoka?

Hapana, ni dawa. Naamini anakunywa bisoprololi, atenololi, au nyingine ya ukoo huo. Kazi yake ni kuuzuia moyo usikimbie, na inaifanya. Kwa mtu wa dawa hizi zile hesabu za "220 toa umri" hazina maana, na ukimlazimisha afike namba ya saa utamuumiza. Avue saa, atumie mazungumzo na kipimo cha Borg. Asiache dawa ghafla ili "moyo uamke". Hilo limewahi kuwapeleka watu hospitali.

Tangu nianze mazoezi mapaja yananiuma. Jirani anasema ni zile dawa za mafuta, niache. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli, inaweza isiwe, na jirani hawezi kujua akiwa ng'ambo ya ukuta. Maumivu ya mazoezi huja kesho yake au keshokutwa, yanakaa kwenye misuli uliyoitumikisha, na siku ya tatu au ya nne yanafifia. Ukirudia zoezi lilelile wiki ijayo huwa madogo. Ya atorvastatini au rosuvastatini mara nyingi huja pande zote mbili sawasawa, mapaja au mabega, hata misuli ambayo hukuigusa, na hayana siku ya kupungua. Yakiwa hayo, mwone daktari apime damu. Anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, na wengi hubaki nayo bila shida. Kuacha kimyakimya ndiko nisikokutaka, kwa sababu dawa hiyo ndiyo inayozuia mishipa mingine isizibe.

Jambo moja halisubiri miadi: misuli inauma sana, mwili umeishiwa nguvu, na mkojo umekuwa mweusi kama koka. Hospitali siku hiyohiyo.

Mimi sikuwekewa stenti, nilipasuliwa kifua wiki nne zilizopita. Mazoezi hayahaya yananihusu?

Ya miguu ndiyo, ya mikono bado. Mfupa wako wa kifua ulikatwa ukafungwa kwa waya, na kama mfupa wowote unahitaji wiki 6 hadi 8 kushika, na hadi 12 kukomaa. Hospitali nyingi huzuia kunyanyua zaidi ya kilo chache katika kipindi hicho, kwa hiyo fuata kiwango ulichopewa wewe. Kiti na kupanda kwa vidole anza. Pushapu, mpira na ndoo viache. Viwiko viwe karibu na mbavu. Ukitaka kutoka kitandani viringika ubavu kwanza, usijivute kwa mikono, na ukikohoa kumbatia mto. Ukisikia mfupa unagonga unapogeuka, au kidonda kinatoa maji, rudi ulikopasuliwa.

Niko Maskati, umri wangu 44. Zamani nilikuwa nabeba kilo 90 kwenye benchi. Stenti ina miezi minne, nimepimwa kwenye mashine ya kukimbia, daktari ameniruhusu jimu. Naweza kurudi kwenye 90?

Hongera kwa kupima kwanza. Wengi wa umri wako hupima baadaye.

Kwa mikono na kifua kuanzia huwa asilimia 30 hadi 40 ya uwezo wa juu, na kwa miguu 50 hadi 60. Kwa hesabu za zamani hiyo ni kilo 27 hadi 36. Lakini uwezo wako wa leo si ule wa zamani, kwa hiyo anza hata chini ya hapo. Ongeza kama asilimia 5 pale tu mara 15 zinapokuwa rahisi. Usijipime "moja ya mwisho nione", usifike mahali misuli inagoma, na usilale kwenye benchi bila mtu wa kupokea chuma. Uko kwenye dawa mbili za kuzuia damu kuganda. Chuma kikikudondokea, pale mwenzako atakapopata alama wewe utapata jeraha la kuvuja damu ndani. Kwa sababu hiyohiyo ngumi na mieleka ziache. Ile ya kukaza mwili sakafuni umeegemea viwiko, ivunje vipande vya sekunde 10 huku unapumua, kwa sababu misuli iliyokazwa bila kusogea inazidi kupandisha presha kadiri unavyoishikilia.

Na ule unga wa kwenye makopo unaouzwa mlangoni pa jimu: mwingi umejaa kafeini na vichangamshi. Acha. Na kama zile kilo 90 zilisaidiwa na sindano za homoni, mwambie daktari ukweli, maana zinaharibu mafuta ya damu na kunenepesha ukuta wa moyo. Sikuhukumu, ila moyo wa miaka 44 haukuziba bila sababu na ni vizuri sababu ijulikane. Je, 90 utazifikia tena? Pengine, ukiwa na msimamizi, baada ya miezi mingi. Joto la huko unalijua kuliko mimi: fanyia ndani, maji karibu.

Nipo Unguja. Ramadhani nifanye saa ngapi?

Usifanye kabla ya futari. Najua vijana hupenda ile saa ya mwisho, lakini wewe mwili umekaukiwa maji na dawa za presha zimo ndani, utazunguka uanguke. Futuru, subiri saa moja na nusu au mbili, fanya raundi moja. Siku unayoswali tarawehe zote punguza, kwani kuinama na kuinuka kule ni zoezi tosha la mapaja. Tikagrelori ni mara mbili kwa siku, inaingia vizuri futari na daku. Mwenye sindano za insulini, na mwenye stenti iliyowekwa juzi, azungumze na daktari kuhusu kufunga kwenyewe kabla ya kuuliza mazoezi. Rukhsa ya mgonjwa ipo.

Swali la faragha. Tendo la ndoa nalo ni mazoezi? Na dawa za kuongeza nguvu je?

Ni mazoezi, ya wastani. Ukipanda ngazi za ghorofa mbili mfululizo kwa mwendo mzuri bila kifua kubana wala pumzi kukatika, kwa kawaida unaweza. Kuhusu dawa, kuna katazo moja lisilo na mjadala. Mwenye vidonge au dawa ya kupuliza ya nitrogliserini, ile ya chini ya ulimi, asivichanganye na Viagra na jamaa zake. Baada ya Viagra yapite saa 24 kabla ya kutumia nitrogliserini, na baada ya tadalafili 48, la sivyo presha huporomoka ghafla. Na vumbi la Kongo usiliguse, maana hujui kilichomo, na muuzaji naye hajui.

Mimi ni mke wa mgonjwa. Akianza mazoezi yeye yuko sawa, ninayetetemeka ni mimi. Nifanye nini?

Usikae chumba kingine ukisikiliza mlango. Kaa naye, na umwambie ahesabu kwa sauti. Nakuomba hili kwa sababu mbili. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, hata akitaka. Na wewe utakuwa na kitu cha kusikiliza badala ya kukisia. Sauti ikianza kutoka kwa kukamuliwa, mwambie aweke chini, hata kama amebakiza mbili. Wanaume hupenda kumalizia hizo mbili.

Siku akisema kifua kinabana, au maumivu yanapanda kwenye taya au mkono, au jasho la baridi linamtoka, au mapigo yanaruka-ruka na kichwa chepesi, anaacha hapohapo. Akae, asisimame, kwa kuwa dawa ya chini ya ulimi inaweza kumwangusha. Apewe dozi moja kama alivyoelekezwa. Hesabu dakika 5. Maumivu yasipoisha, au yakizidi kabla ya hapo, ni hospitali bila kusubiri watoto warudi kutoka kazini, na asiendeshe gari mwenyewe. Kwa wengi wetu gari la wagonjwa ni hadithi, kwa hiyo ongea leo na dereva wa bajaji wa mtaani, anayelala karibu na anayepokea simu usiku. Namba yake ibandike ukutani jikoni, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka bila miwani.